Jeli na Vibandiko vya Dawa: Kinachopita Kwenye Ngozi na Kisichopita

Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kila siku akiambiwa kuna kibandiko cha kubandika tumboni kitakachochukua nafasi ya sindano, ni rahisi kushawishika. Sindano inachosha, na kibandiko hakiumi. Matangazo ya bidhaa za aina hiyo huzunguka kwenye simu na mitandao ya kijamii, na mara nyingi huambatana na maneno kama “teknolojia mpya ya jeli” au “asili ya baharini.”

Teknolojia ya jeli ya kupitisha dawa kwenye ngozi ipo kweli, na baadhi ya malighafi yake huota katika bahari ya Kwale. Lakini ina mipaka, na mkazi asiyeijua anaweza kupoteza pesa, na hata maisha. Makala haya yanaeleza jinsi jeli hizi zinavyofanya kazi, uhusiano wake na mwani unaolimwa Kibuyuni, Mkwiro na Gazi, na namna ya kuzitumia kwa usalama.

Ngozi ni ukuta

Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa hufikia karibu mita 2 za mraba. Kazi yake kubwa ni kuzuia: maji ya mwili yasitoke ovyo, vijidudu na sumu visiingie. Kizuizi chenyewe ni tabaka la juu kabisa la seli zilizokufa. Katika sehemu nyingi za mwili, tabaka hilo lina unene wa mikroni 10 hadi 20 tu, yaani ni jembamba kuliko unywele.

Muundo wake unafanana na ukuta wa nyumba ya kale ya Pwani, ile ya mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Seli kavu ndizo mawe, na mafuta yaliyo katikati yake ndiyo chokaa. Dawa inayopakwa juu ya ngozi hujipenyeza hasa kwenye njia nyembamba za mafuta, kisha hukutana na tabaka za chini zenye maji mengi, ndipo ifike kwenye mishipa midogo ya damu.

Mambo matatu huamua kama dawa itapita.

La kwanza ni ukubwa wa molekuli yake. Uzito wa molekuli hupimwa kwa daltoni, na chembe moja ya hidrojeni ina uzito wa takribani daltoni 1. Mwaka 2000, watafiti Jan Bos na Marcus Meinardi walieleza kanuni ambayo hadi leo huwaongoza watengenezaji wa dawa: molekuli inayozidi daltoni 500 hivi haipiti kwenye ngozi nzima kwa kiasi cha maana. Nikotini ina daltoni 162, dawa ya ganzi ya lidokaini 234, dawa ya maumivu ya diklofenaki takribani 296, na fentanili, dawa kali ya maumivu, 336. Zote hizi hupita. Insulini ina daltoni 5,800 hivi, zaidi ya mara 10 ya kikomo hicho.

La pili ni tabia ya dawa mbele ya mafuta na maji. Dawa inayopenda maji pekee hukwama kwenye “chokaa.” Inayopenda mafuta pekee huingia kwenye tabaka la juu na kubaki humo. Inayofaa ni ile inayoelewana na vyote viwili kwa kiasi.

La tatu ni dozi. Ngozi hupitisha dawa polepole, kwa miligramu chache au makumi machache kwa siku. Kibandiko cha nikotini chenye nguvu kubwa, kinachowasaidia wavutaji kuacha sigara, hutoa takribani miligramu 21 kwa saa 24. Metformini, dawa ya kisukari inayomezwa na wengi, huhitajika kwa miligramu 500 hadi 2,000 kwa siku. Kwa hiyo, ingawa molekuli yake ni ndogo, kibandiko hakiwezi kupitisha dozi hiyo.

Kwa nini kupitia ngozi

Kidonge hupita tumboni na kwenye utumbo, kisha damu hukipeleka kwenye ini. Ini huvunja sehemu ya dawa kabla haijasambaa mwilini. Baadhi ya dawa pia huudhuru utando wa tumbo njiani. Diklofenaki ni mfano mzuri: ikimezwa kwa muda mrefu inaweza kusababisha vidonda vya tumbo na kuathiri figo.

Jeli ya diklofenaki inayopakwa kwenye goti huacha dawa nyingi karibu na mahali panapouma, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana kikilinganishwa na cha kidonge. Kwa mzee mwenye maumivu ya goti na historia ya vidonda vya tumbo, tofauti hiyo ni kubwa, ingawa bado anapaswa kumwambia mhudumu wa afya kuhusu vidonda hivyo.

Faida nyingine ni utaratibu. Kibandiko kinaweza kutoa dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi bila kupanda na kushuka. Kibandiko cha kwanza cha aina hii kuidhinishwa Marekani, mwaka 1979, kilikuwa cha skopolamini, dawa ya kuzuia kichefuchefu cha safarini. Kilibandikwa nyuma ya sikio na kufanya kazi kwa siku 3.

Haidrojeli: wavu unaoshika maji

Anayepika bamia au mlenda ameshakutana na sayansi ya jeli. Ule uteute hutokana na minyororo mirefu ya sukari zilizounganishwa, ambayo hushika maji mengi kupita uzito wake. Wataalamu huiita polisakaridi. Wanga wa muhogo unaoufanya uji kuwa mzito ni polisakaridi. Ute wa shubiri nao una polisakaridi, ingawa sehemu yake kubwa kabisa ni maji. Sukari hizi zimefungana kwa namna nyingine, ndiyo maana nyingi hazina utamu wa sukari ya chai.

Minyororo hiyo ikifungwa pamoja katika sehemu nyingi, hugeuka kuwa wavu. Maji hujaa ndani ya wavu, lakini wavu hauyeyuki. Kitu hicho ndicho haidrojeli: laini kama nyama ya dafu, lakini sehemu yake kubwa ni maji.

Haidrojeli husaidia dawa kwa njia tatu. Huihifadhi ndani ya wavu na kuiachilia polepole. Huilowesha ngozi, na ngozi iliyolowa hulegea na kupitisha vitu kwa urahisi zaidi kuliko iliyo kavu. Pia hukaa mahali ilipowekwa bila kuchuruzika, na huondolewa kwa maji.

Hata hivyo, jeli haiubomoi ukuta. Inaifikisha dawa mlangoni na kuishikilia hapo; dawa kubwa mno hubaki nje hata kama jeli ni bora namna gani.

Kwa nini polisakaridi hubadilishwa

Polisakaridi ikitoka kwenye mmea au mnyama, mara nyingi haifai moja kwa moja. Nyingine haiyeyuki, nyingine huyeyuka haraka mno, nyingine haishiki dawa. Wanakemia huibadilisha kwa kuongeza au kuondoa vipande vidogo kwenye mnyororo.

Selulosi, inayopatikana kwenye pamba na mbao, haiyeyuki kwenye maji. Nguo ya pamba ingeyeyuka, kufua kungekuwa hasara. Vikiongezwa vipande maalum kwenye mnyororo wake, huyeyuka na kutoa jeli safi isiyo na rangi. Selulosi za namna hiyo hutumika katika jeli nyingi za dawa, zikiwemo baadhi ya jeli za ganzi zinazotumika hospitalini.

Maganda ya kamba na kaa yana kitini. Ikiondolewa sehemu ya vipande vyake kwa kuchemshwa katika alkali kali, hugeuka kuwa kitosani, ambayo huyeyuka katika asidi hafifu na hunata vizuri kwenye ngozi na vidonda. Bandeji za kitosani hutumika kusaidia kuzuia damu kwenye majeraha.

Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia. Mwanakemia Edward Stanford aliieleza huko Uingereza mwaka 1881. Hukutana na kalsiamu ikagandamana papo hapo, na leo hutengenezewa bandeji za vidonda vinavyotoa maji mengi. Bandeji hiyo hunyonya maji ya kidonda na yenyewe kugeuka jeli, hivyo huondolewa bila kuchubua nyama mpya. Umuhimu wa unyevu kwenye kidonda ulionyeshwa mwaka 1962 na George Winter, ambaye majaribio yake kwa nguruwe yalionyesha kuwa vidonda vilivyohifadhiwa na unyevu vilifunikwa na ngozi mpya karibu mara 2 haraka kuliko vilivyoachwa vikauke.

Mwani wa Kwale una nafasi gani

Mwani unaofungwa kwenye kamba na kuvunwa baada ya wiki 6 hivi katika fuo za kusini mwa Kwale ni mwani mwekundu wa aina mbili zinazojulikana na wakulima kama spinosum na cottonii. Zote mbili hutoa polisakaridi iitwayo karajinani, lakini si ya namna moja. Cottonii hutoa karajinani ya kapa, ambayo ikiwekwa potasiamu hutoa jeli ngumu inayokatika. Spinosum hutoa karajinani ya aiota, ambayo ikiwekwa kalsiamu hutoa jeli laini inayonyumbuka.

Karajinani hutumika sana katika vyakula, dawa ya meno na vipodozi ili kuvifanya vizito. Katika dawa, hutumika kutengeneza maganda ya vidonge yasiyotokana na wanyama na kuzipa jeli uzito, na watafiti katika nchi mbalimbali wanaichunguza kama wavu wa kushikilia dawa za kupitia ngozi.

Safari kutoka kwenye kichanja cha kukaushia hadi kwenye jeli ya dawa ni ndefu. Mwani huoshwa kuondoa chumvi na mchanga, huchemshwa katika maji ya alkali, huchujwa, karajinani hutenganishwa, hukaushwa na kusagwa. Ile alkali yenyewe huibadilisha karajinani ya kapa: huondoa baadhi ya vipande vya salfeti kwenye mnyororo, na jeli hutoka ikiwa imara zaidi. Unga wa kutengenezea dawa husafishwa zaidi ya ule wa chakula, kisha hupimwa vijidudu na metali nzito.

Sehemu kubwa ya mwani wa Afrika Mashariki husafirishwa nje ukiwa mkavu, na hatua hizo hufanyika huko. Hapo ndipo thamani huongezeka. Vikundi vya wakulima wa Kwale tayari hutengeneza sabuni na bidhaa nyingine za mwani. Kufikia kiwango cha dawa kunahitaji mitambo, maji safi mengi na maabara. Hatua ambayo mkulima anaweza kuchukua sasa ni kukausha juu ya vichanja badala ya mchangani, kutochanganya aina mbili, na kuukinga mwani mkavu na mvua, kwa sababu ubora wa karajinani huanzia hapo.

Kwa upande mwingine, mwani mbichi si dawa ya kidonda. Una chumvi, mchanga na vijidudu vya baharini. Hata karajinani iliyosafishwa si salama kila mahali mwilini: kwa miongo mingi maabara zimekuwa zikiidunga chini ya ngozi ya nyayo za panya ili kusababisha uvimbe wa makusudi, kisha kupima kama dawa mpya inautuliza. Kitu kinachofaa kwenye dawa ya meno hakifai lazima ndani ya jeraha.

Ukweli kuhusu vibandiko vya kisukari

Watafiti wanatafuta njia ya kuvusha dawa kubwa kama insulini. Mojawapo ni kibandiko chenye sindano ndogo mno zilizotengenezwa kwa haidrojeli, zinazotoboa tabaka la juu bila kufika kwenye mishipa ya maumivu, kisha kuvimba kwa maji ya mwili na kuachilia dawa. Nyingine ni jeli zinazobadilika kulingana na joto, zikiwa majimaji kwenye chupa na kuganda zinapofikia joto la mwili. Ni kazi yenye matumaini, lakini kwa insulini bado iko kwenye utafiti. Si kitu cha kuuziwa barabarani.

Vipo vifaa halali vya kisukari vinavyobandikwa mwilini, na ndivyo vinavyowachanganya watu. Kuna kipima sukari kinachokaa mkononi kwa siku kadhaa, na kuna pampu ndogo ya insulini. Cha kwanza kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, na cha pili kina mrija mdogo unaopita humo humo. Kipima sukari hakitoi dawa, na pampu haitegemei dawa kupenya ngozi nzima.

Kwa hiyo, kibandiko au jeli isiyotoboa ngozi inayodaiwa kuchukua nafasi ya insulini haiwezi kufanya kazi hiyo. Mgonjwa anayehitaji insulini akiacha kujidunga anaweza kuzidiwa kwa siku chache au hata saa chache. Dalili za hatari ni kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa haraka na kwa kina, pumzi yenye harufu ya matunda, na kuchanganyikiwa. Mtu mwenye dalili hizo apelekwe hospitalini mara moja.

Namna ya kutumia jeli na vibandiko kwa usalama

• Paka au bandika kwenye ngozi safi, kavu na isiyo na jeraha, isipokuwa dawa imetengenezwa kwa ajili ya vidonda. Ngozi iliyochubuka haina ukuta, na dawa inaweza kuingia nyingi kupita kiasi.

• Fuata kipimo cha kwenye karatasi ya maelezo. Kupaka nyingi hakuharakishi nafuu, huongeza madhara.

• Usifunike jeli kwa nailoni wala bandeji isiyopitisha hewa bila kuagizwa. Unyevu na joto linalobaki humo huongeza dawa inayopita.

• Usiweke chupa ya maji moto juu ya kibandiko, wala kukianika kwenye jua kali. Joto huharakisha dawa, na kwa dawa kama fentanili kosa hilo linaweza kuua.

• Toa kibandiko cha zamani kabla ya kuweka kipya, na ubadilishe mahali. Kilichotumika bado kina dawa: kikunje sehemu inayonata iwe ndani na ukiweke mbali kabisa na watoto. Muulize mfamasia namna ya kukitupa.

• Usikate kibandiko vipande isipokuwa maelezo yake yanaruhusu.

• Usimpake mtoto mchanga dawa ya mtu mzima. Ngozi yake ni nyembamba, na ikilinganishwa na uzito wake ni kubwa, hivyo dozi ndogo kwa mama ni kubwa kwa mtoto.

• Mama mjamzito aulize kliniki kabla ya kutumia jeli za maumivu, zikiwemo za diklofenaki.

• Nawa mikono baada ya kupaka, isipokuwa mikono ndiyo inayotibiwa. Usiguse macho.

• Ukipata vipele, malengelenge, kizunguzungu au usingizi usio wa kawaida, toa dawa hiyo na utafute huduma.

Kabla ya kununua

Maswali manne yanatosha kumlinda mkazi. Je, jina la dawa iliyomo limeandikwa, au ni maneno tu kama “asili” na “nano”? Je, kiasi cha dawa kimetajwa kwa miligramu au asilimia? Je, bidhaa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na tarehe ya kuisha muda wake inasomeka? Je, muuzaji anakuambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari? Jibu la swali la mwisho likiwa ndiyo, usinunue.

Mkazi mwenye shaka apeleke pakiti, au picha yake, kwa mfamasia au mhudumu wa zahanati iliyo karibu. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji pia anaweza kumwelekeza. Na anayejidunga insulini, hata akiwa amechoka vipi na sindano, aendelee kujidunga hadi azungumze na kliniki yake. Huko anaweza kufundishwa kubadilisha mahali pa kudunga ili maumivu yapungue, na kuangaliwa kama dozi yake inamfaa.